Nilimtuma Mama kwenye mkutano uliokwisha

Nimekosa. Naanza na neno hilo kabla haya haijanishika, maana nikianza na jambo lingine sitalifikia.

Jina langu usilitafute. Mimi ni binti wa mtaa wa Luzira, nimesoma mpaka darasa la saba, na naandika polepole. Barua hii nimeianza na kuiacha mara nyingi. Nisikilize kama tumekaa wawili tu jikoni, unanisaidia kuchambua mchele.

Nyumbani tuko watatu: Mama, mimi na mdogo wangu Zena. Baba alikuwa askari wa magereza, alishafariki. Mama anasuka makawa ya kufunikia chakula, yale ya rangi rangi ya Wanubi, na mimi namsaidia kutia ukindu rangi. Zena ndiye aliyefika chuo kikuu. Anasomea uuguzi.

Mtaani Mama anaitwa kwa jina langu mimi, kwa sababu mimi ndiye wa kwanza. Hakuna jirani anayemwita Mama Zena. Jina hilo liko chuoni tu, kwenye simu. Kumbe hapo ndipo nilipojichimbia shimo!

Chuo kina kundi la wazazi kwenye simu. Humo wanatangaza semista inaanza lini, mwisho wa kujiandikisha ni lini, wanafunzi waje na nini. Mama hajui kusoma. Alinikabidhi simu akasema, "Mwanangu, wewe ndiye macho yangu. Wakisema kitu cha Zena, niambie."

Mwanzoni nilimwambia kila kitu, neno kwa neno.

Lakini mimi nina haya tangu utotoni. Dukani nanyoosha kidole badala ya kusema. Wageni wakija najificha chumbani. Sasa siku moja mzazi mmoja aliandika kwenye kundi kwamba mwanawe analia, hataki kurudi chuoni semista ya pili. Watu wengi wakamjibu kwa maneno mengi. Mimi nikaandika, "Mpe muda wa kulia, kisha mpikie." Nilifuta na kuandika upya mpaka vidole vikauma.

Wakalipenda jibu langu! Wakasema, "Asante, Mama Zena. Una busara."

Jamani bambi, sijui kama utanielewa. Watu walikuwa wananisubiri nimalize kusema! Sijawahi kusubiriwa. Basi nikaendelea. Kwa sababu naandika polepole, nilisema machache, na wao wakayaona machache yale kuwa ni mazito. Mama alikuwa anasuka pembeni yangu, hajui kama anazungumza na wazazi wenzake kila siku.

Kulikuwa na mzazi mmoja, Baba Brian, mtu wa kucheka. Yeye haandiki, anatuma sauti. Akauliza, "Mama Zena, hivi wewe si mwalimu? Mtu anayeandika kwa utulivu hivyo lazima alishika chaki!"

Nikajibu, "Ndiyo."

Neno moja tu. Mimi niliyeishia la saba! Toka siku hiyo wakamwita Mama "mwalimu wetu".

Semista ya pili ilipoanza, tangazo kubwa likaja. Darasa la Zena lingepelekwa kufanya mafunzo katika hospitali moja huko kaskazini. Mzazi alitakiwa afike mwenyewe chuoni, kwenye mkutano wa Jumamosi, aweke saini ya kumruhusu mtoto kusafiri. Asiyekuwa na saini ya mzazi haendi, na asiyeenda atasubiri mpaka semista kama hiyo irudi tena, mwakani.

Nilimsomea Mama lote. Alifurahi mpaka akaacha kusuka. "Mwanangu atavaa nguo nyeupe," akasema. "Nitakwenda na kidole gumba changu, nitasaini mpaka wino uishe!"

Tukacheka.

Kisha Baba Brian akatuma sauti: "Wazazi wenzangu, siku hiyo nani atatushukuria walimu? Mimi nasema Mama Zena!" Wote wakakubali. Wakapanga kabisa, na aliyeandika ratiba akaweka jina lake: Mama Zena, mwalimu, kwa niaba ya wazazi.

Niliandika kwamba naona haya. Wakacheka, wakatuma mikono inayopiga makofi.

Niliona picha yote. Mama amekaa na makawa yake, wanamwita mbele, wanamwambia mwalimu zungumza. Yeye anashangaa. Watu wanamcheka mama yangu! Na mimi nimejulikana.

Hapo ndipo ungesema, mwambie Mama ukweli. Mpaka hapo ningesamehewa kwa kofi moja na kicheko. Sikumwambia.

Siku chache baadaye tangazo likabadilika. Mkutano umerudishwa nyuma, ni Ijumaa, sio Jumamosi tena. Nilikuwa nimeshika simu, na Mama yuko hapo hapo mkekani.

"Chuo wanasemaje?" akaniuliza.

"Wanasalimu tu, Mama."

Wanasalimu tu! Nilijiambia hivi: Ijumaa mkutano utapita bila yeye, hotuba itasemwa na mtu mwingine. Jumamosi Mama atafika, atakuta ofisi, ataweka kidole, atarudi. Hakuna atakayejua. Niliona nina akili sana.

Jioni yake Zena akapiga simu.

"Dada, Mama anajua ni Ijumaa?"

"Anajua."

"Kweli? Mpe niongee naye."

"Anaswali. Kale, sawa, usijali, atakuja."

Ijumaa asubuhi nilizima simu nikaifukia chini ya ukindu. Mama akauliza mbona iko kimya leo. Nikasema umeme haukuwepo, haina chaji. Alinitazama akasema pole. Pole! Mimi!

Zena alisimama getini pa chuo siku nzima akimngoja mama yake. Aliniambia baadaye kwamba kila mwanamke aliyeshuka kwenye boda alimdhania ni yeye.

Jumamosi Mama alivaa gurbaba yake, lile vazi la Kinubi la sherehe, akajipaka mafuta ya karafuu. Alibeba kawa jipya, jekundu na kijani, zawadi ya mwalimu mkuu wa Zena. Nilimsindikiza mpaka kituoni. Akasema, "Nitakuwa wa kwanza kufika, waone Mama huyu hana mchezo."

Niliporudi nyumbani sikukaa sana, mlango ukafunguliwa. Zena! Macho yamevimba.

"Mama anaumwa?"

"Hapana."

"Yuko wapi?"

"Ameenda chuoni. Kwenye mkutano."

"Mkutano gani? Dada! Mkutano ulikuwa jana!"

Akanyoosha mkono, nikampa simu. Alisoma amesimama. Alisoma kuanzia chini kwenda juu, kila nilichoandika, pamoja na lile "Ndiyo". Nilitamani anipige. Akauliza tu, kwa sauti ndogo, "Mwalimu?"

Mama alirudi mchana, amechoka. Alipomwona Zena akashangaa, lakini aliketi kwanza, akavua viatu.

"Nilifika wa kwanza kweli," akasema. "Ukumbi mtupu. Nikakaa mstari wa mbele. Kijana anayefagia akaniuliza kwa heshima, nyabo, unamsubiri nani? Nikamwambia nasubiri mkutano. Akanionea huruma, akanipeleka ofisini."

Ofisini, alisema, walimpokea vizuri. Karani alitaka hata kumpa ile karatasi aweke kidole, ingawa siku imepita. Kisha akaona jina la mtoto.

"Akaniambia, kumbe wewe ndiye Mama Zena, yule mwalimu! Nikasema hapana, mwanangu, mimi nasuka makawa. Akaniuliza, si wewe unayeandika kwenye simu? Nikasema kuandika sijui. Akabadilika uso. Akasema basi kuna mtu anajifanya mzazi, hawawezi kuchukua saini ya yeyote mpaka wajue mzazi ni nani."

Unaona? Mlango ulikuwa umefunguliwa! Mama yangu alisema kweli, na kwa sababu alisema kweli wakamfungia. Uongo wangu ulikuwa umefika pale kabla yake, umekaa kwenye kiti chake.

Mama hakunishuku hata kidogo. Alisema, "Wamenichanganya na Mama Zena mwingine. Zena ni wengi. Mama huyo lazima ni mtu mkubwa, kila mtu ofisini anamjua. Lile kawa nimemwachia yeye. Akilipata labda atanisemea."

Zena alinitazama. Alikuwa ananipa nafasi. Nilitazama miguu yangu.

Tulipobaki wawili akaniambia, "Tusimuumize Mama bure. Basi linaondoka Jumatatu mchana. Asubuhi twende mimi na wewe, useme ni wewe uliyeandika. Mama walishamwona; wakijua ukweli watatupa karatasi tumletee aweke kidole. Jambo hilo tu, Dada. Sema ni mimi, basi."

Nikaapa kwamba nitasema.

Jumatatu tulifika mapema. Zena akaingia ofisini kwanza, mimi nikabaki getini. Mlinzi akanitania, "Nyabo, ingia, hatuli watu hapa!" Wazazi walikuwa wameleta watoto wao, mabegi yanapangwa, watu wanakumbatiana. Nilikuwa narudia kichwani: ni mimi, ni mimi, ni mimi.

Kisha nikasikia kicheko nyuma yangu. Sikuwahi kumwona mtu yule, lakini sauti yake naijua kuliko sauti ya mjomba wangu. Baba Brian.

"Jamani, mwalimu wetu yuko wapi? Alituacha Ijumaa, leo hatumwachi!"

Nikakimbia! Sijui nilipandaje boda. Nilimwambia dereva Luzira, na nilipofungua macho tulikuwa tumefika. Nimekimbia mambo mengi maishani, mgeni, mwalimu, muuza duka. Siku ile nilimkimbia mdogo wangu.

Karani alimwuliza Zena, "Haya, yuko wapi huyo aliyeandika?" Zena akatoka kuniita. Akaita jina langu pale getini mbele ya watu wote. Mchana basi likaondoka bila yeye.

Alirudi nyumbani na kawa. Ofisi walikuwa wamempa: kuna mama alimwachia Mama Zena hili. Akaliweka mikononi mwangu. "Ni lako," akasema. "Wewe ndiye Mama Zena. Na sasa utamwambia wewe. Mimi sisemi."

Nikalificha chini ya kitanda.

Siku hizi Zena anasuka na Mama. Mikono iliyokuwa ishike wagonjwa inachovya ukindu kwenye rangi. Haniiti Dada tena. Ananiita kwa jina, kama jirani. Mama anafikiri amenuna kwa sababu ya chuo.

Lakini linaloniua ni hili. Mama hajakata tamaa! Siku ile ile Zena aliporudi, Mama aliniambia, "Chukua simu. Mwandikie huyo Mama Zena, mwalimu. Mwambie mimi ni mzazi kama yeye. Mwambie sijasoma, lakini mtoto wangu ni mzuri. Mwanamke mwenye busara hawezi kukataa."

Nilikaa mbele yake nikajifanya naandika. Vidole vyangu vilikuwa vinagusa kioo kitupu.

Toka hapo, kila asubuhi, kabla ya chai, ananiuliza, "Amejibu?"

"Bado, Mama."

"Atakuwa na kazi nyingi. Walimu wana kazi nyingi." Na anarudi kusuka.

Wewe unayemsomea mzazi wako ujumbe, nakuomba kwa Mungu, msomee ulivyo. Usipunguze, usiongeze. Kama hujaelewa sema hujaelewa. Kama umemjibia mtu kwa jina lake, mwambie leo, ikiwa bado ni jambo la kuchekesha. Usingoje kama mimi. Na usidhani haya ni tabia nzuri kwa sababu watu wanaisifu kwa wasichana. Haya yangu imemkalia mdogo wangu kifuani!

Na nyinyi wazazi msiojua kusoma, mara moja moja mpeni mtu mwingine simu awasomee. Hata kama mtoto wenu ni mpole kama mimi. Hasa akiwa mpole kama mimi.

Sijui kusema. Nimejaribu mlangoni, nimejaribu jikoni, mdomo haufunguki. Basi nimelitoa kawa chini ya kitanda. Liko magotini mwangu sasa, jekundu na kijani, vumbi nimelifuta. Mama atalijua hata gizani, amelisuka yeye. Nitakwenda niliweke mbele yake, nikae chini, asome mwenyewe.

Anaita huko nje.

"Wee mtoto! Amejibu?"