Hénock Hafi

Thierry alikuwa fundi cherehani pale La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, na ukitaka kuelewana naye ulikuwa na jambo moja tu la kukumbuka: usimtaje kaka yake. Mengine yote aliyavumilia. Aliwavumilia wateja wanaoleta kitambaa Ijumaa jioni wakitaka suti ya harusi Jumamosi asubuhi. Aliivumilia redio ya jirani. Hata mkono wake wa kushoto, uliokuwa mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole viwili, aliutania mwenyewe. Kila shati alilonunua ilibidi alikunje na kulishona upya mkono mmoja kabla hajalivaa, naye alisema Mungu alimpa ufundi kwa kuwa alijua fundi mwingine asingekubali kusumbuliwa hivyo.

Mkono huo ulivunjika utotoni, Bukavu, siku kaka yake Hénock alipompakia kwenye baiskeli wakateremka nayo mteremko wa Kadutu bila breki. Aliyeuunga mfupa aliunga ovyo. Zamani Thierry aliisimulia habari hiyo huku akicheka mpaka machozi. Tangu mama yao afariki, hakuisimulia tena.

Mama alifariki Bukavu wakati Thierry bado anasubiri kukubaliwa kuwa mkimbizi. Mwenye kusubiri hivyo haendi kwao hata kwa msiba. Akienda, ameondoka moja kwa moja, na kibanda chake na mashine zake akawaachie wengine. Hénock, mwenye spaza, duka dogo la mtaani, huko Soweto, alikuwa na karatasi zinazomruhusu kusafiri. Yeye ndiye aliyepigiwa simu. Akanyamaza. Akaenda, akazika, akarudi, ndipo akaja La Rochelle kumwambia mdogo wake kwamba mama ameshalala udongoni. Thierry alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kumfungulia mlango atoke. Kuanzia hapo jina la Hénock halikutoka kinywani mwake. Watu wa kanisa walijaribu kuwasuluhisha wakachoka. Moyo wa mtu ni msitu, na msitu wa Thierry ulikuwa umefungwa kwa miba.

Halafu ukaja mchezo.

Aliyeuleta ni Ulimboka, fundi wa kompyuta wa mlango wa pili. Mama yake Mnyakyusa, baba yake mtu wa Soweto aliyeishi Tanzania uhamishoni enzi za mapambano, naye mwenyewe alizaliwa Morogoro akaletwa huku kijana. Kiswahili chake kilinyooka, na alikuwa na tabia mbaya ya kunyoosha cha wenzake. Thierry alimshonea suti, naye akamlipa kwa kompyuta aliyoifufua, na ndani ya kompyuta kulikuwa na mchezo wa shule ya wapiganaji wa Roma ya kale, wale waliochinjana uwanjani watu wakipiga makofi.

"Hupigani wewe," Ulimboka alimweleza. "Wewe ni mwenye shule. Unaamua nani ale nini, nani alale wapi, nani atibiwe, nani aende uwanjani na silaha gani. Akifa, amekufa. Mchezo haurudi nyuma."

Mpiganaji wa kwanza akatokea kwenye kioo, mtu mrefu, mabega mapana, anasubiri kupewa jina. Thierry aliinamia vibonye. Sijui ni shetani gani aliyemshika mkono, ila aliandika: Hénock.

Nia yake ilikuwa mbaya, nami sitaipaka sukari. Alimlaza kwenye majani. Alimlisha uji wa shayiri. Daktari wa shule alikatazwa kumgusa. Akampeleka uwanjani bila ngao, mbele ya jitu lenye shoka, akaegemea kiti chake kama mtu anayengoja chai.

Hénock akashinda.

Wiki iliyofuata alimpeleka na jeraha lake bichi. Akashinda. Alimpeleka dhidi ya wawili. Alianguka, akaburuzwa, umati ukaanza kudai kichwa chake, akainuka, akashinda. Thierry aliacha kuegemea. Wateja waliokuja kupima suruali walisahau kutoka, na Jumamosi mchana kibanda kilijaa wanaume wa kanisani waliokuja, kwa maneno yao, kuona cherehani.

"Mutu gani huyu?" Thierry aliuliza siku moja, kwa sauti ndogo. "Minamutuma afe, na hafi."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wameona wenyewe. Kwenye kioo yule mtu alisimama peke yake katikati ya mchanga, damu inamtoka, kifua kinapanda na kushuka.

Mchezo ulikuwa na ukurasa wake mtandaoni ambako wachezaji wa dunia nzima walitoa maoni. Wengi waliandika kwa Kiingereza, kwa hiyo Ulimboka ndiye aliyesoma akitafsiri, mguu mmoja juu ya mwingine kama mtangazaji. Mmoja alisema ni mchezo wa kikatili usio na haki, kwamba alimlea mpiganaji wake kwa mapenzi yote akafa kwa pigo la bahati. Mwingine akamjibu kwamba vita hushindwa jikoni, na asiyejali chakula asilaumu shoka. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya upanga wa mbao. Kabla ya michezo mikuu, mara moja tu, mwenye shule anaulizwa kama anataka kumpa mpiganaji wake bora upanga wa mbao, alama ya kwamba ameachwa huru. Akimpa, anaondoka na harudi. Wengine waliandika kwamba ni mjinga pekee anayemwachilia bingwa wake mlangoni pa ushindi. Wengine walisema asiyewahi kumwacha mtu huru hajaucheza mchezo.

"Na sisi tutoe maoni yetu," Thierry alisema. "Andika. Mchezo hii ni ya bongo. Niko na mutu moja, minamunyima kula, minamunyima dawa, minamutuma bila ngao, na hafi. Anaitwa Hénock."

"Mchezo huu ni wa uongo," Ulimboka alirekebisha.

"Andika vile nimesema, weye! Njo maoni yangu ao yako?"

Yakaandikwa kama yalivyosemwa, Kiswahili cha Bukavu peke yake katikati ya Kiingereza chote kile. Majibu yalikuja. Wapo waliouliza hiyo ni lugha gani. Mmoja, sijui wa nchi ipi, alikuwa amejitafutia tafsiri, akauliza swali moja: Huyo Hénock ni nani kwako?

Ulimboka alisoma, kisha akamtazama rafiki yake. Thierry alisema ukurasa ufungwe, ana suruali ya kumalizia.

Ila mdomo ulikuwa umeshazoea. Aliyekaa miaka bila kulitamka jina lile sasa alilitamka kutwa nzima. Hénock anaendeleaje? Hénock amelala? Na siku moja, hakuna aliyemwona ila Ulimboka, alimruhusu daktari aingie.

Ndugu hao walikuwa wamegombana, lakini wanawake hawakushirikishwa kwenye huo ugomvi. Arlène, mke wa Hénock, aliendelea kushonesha nguo zake kwa shemeji yake, maana alisema hakuna fundi mwingine anayejua kiuno chake. Jumamosi moja alifika kuchukua gauni la kwaya akakuta wanaume wamejazana mlangoni, wanapiga kelele: "Hénock! Simama, Hénock!" Alipenya katikati yao mpaka kwenye kioo. Alimwona mpiganaji, akaliona jina lililoandikwa juu ya kichwa chake.

"Shemeji. Umemupa mutu jina ya bwana yangu?"

"Ni mchezo tu, Arlène."

"Jina haina mchezo," Arlène alisema, akachukua gauni lake akaondoka.

Thierry alibaki ameshika futi ya kupimia. Hapo ndipo alipokumbuka jambo ambalo mtoto wa Bukavu hapaswi kulisahau. Kwao, ukimpa mtu wa nyumba yako jina la mwingine, umefanya somo. Mwenye jina anakuja na nguo kumvika somo wake, na wewe uliyetoa jina huwezi kumnunia tena, kwa sababu utamnuniaje mtu unayemwita nyumbani mwako asubuhi na jioni? Ndiyo maana jina la adui halipewi hata mbuzi. Yeye, katika hasira yake, alitaka kumwona kaka yake akifa, na badala yake alikuwa amemfungulia mlango.

"Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime," Ulimboka alimwambia.

"Nyamaza."

"Wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi natafuta kapu."

Jumamosi ya michezo mikuu ilifika, mwishoni mwa mwaka 2017, joto la Desemba limeshaingia. Kibanda kilifurika. Kwenye kioo lango la uwanja mkubwa lilikuwa limefungwa, na mbele yake Hénock alisimama na makovu yake yote, swali la upanga wa mbao likiwa linangoja kujibiwa. Wanaume wote walitaka aingie. Ulimboka alikuwa amesoma maoni ya wachezaji mpaka macho yakamuuma, na alisema wazi: waliofika hapa na mtu mwenye majeraha ya zamani kama haya, karibu wote walimpoteza.

"Karibu wote si wote," alisema mmoja. "Huyu hafi. Tumeona."

Thierry alikuwa ameshika kipanya, jasho linamtiririka. Alitaka ushindi ule. Aliutaka kama alivyowahi kutaka vitu vichache sana maishani, na wakati huohuo aliogopa, akajishangaa, maana aliyekuwa akimwogopea ndiye yuleyule ambaye yeye mwenyewe alimlaza kwenye majani.

Ghafla watu wa mlangoni wakaachia njia. Hénock wa Soweto aliingia, amenenepa kidogo, ndevu zimeanza mvi, mkononi ana kifurushi cha karatasi.

"Nimeleta nguo ya somo wangu," alisema.

Thierry hakusimama. Aliita tu, "Yaya," kama Wakongo wanavyomwita kaka mkubwa, na neno lenyewe lilimtoka limepasuka.

Hénock aliinama akatazama kioo kwa muda mrefu. "Huyu njo mimi?"

"Njo weye," Thierry alisema. "Nilikuita ufe, yaya. Nilikuwa nakutuma bila ngao."

"Najua. Arlène aliwauliza wanaume wa kanisa, wakamuambia yote." Alivuta kigoda akakaa. "Na nilikufa?"

"Hapana. Ulikataa."

Mzee mmoja wa kanisa alifuta macho kwa mkono wa shati. Hénock aliendelea kutazama kioo, na aliposema tena hakumwangalia ndugu yake.

"Ningekuambia, ungekwenda. Ungekwenda, leo hauko hapa na mashine zako. Nikasema bora anichukie. Lakini nilizika mama peke yangu, Thierry. Walipouliza nani mutoto wake mwingine ashike sanduku upande ule mwingine, sikuwa na mutu."

Thierry alikuwa ameliwaza kaburi lile kwa kila namna. Alikuwa amejiona yeye hayupo, amenyimwa, ameibiwa mama. Hata siku moja hakuwa amemwona kaka yake pale, ameshika upande mmoja, upande wa pili umeshikwa na mgeni. Sasa alimwona. Alilia bila kujificha, wanaume wa kanisa wakimtazama.

Kisha akageukia kioo na kubonyeza upanga wa mbao.

"Eish, Thierry!" mtu aliguna nyuma. Halafu naye akakodolea kioo. Uwanja wote ulisimama. Maelfu ya watu wadogo walinyanyuka kwenye ngazi za mawe, bila kelele, hakuna tarumbeta wala ngoma. Mpiganaji alipokea upanga wa mbao kwa mikono miwili. Alivua kofia yake ya chuma akaiweka mchangani, akatembea taratibu hadi lango la upande wa pili, lile ambalo hakuna aliyewahi kuliona likifunguka, na nje yake kulikuwa na barabara na miti na mwanga wa jua. Alitoka. Lango lilibaki wazi.

Kibandani walikuwa kama watu waliomaliza kusali. Hénock wa Soweto alikuwa ameshika mdomo wake kwa kiganja.

"Hakuna aliyeandika kwamba inakuwa hivi," Ulimboka alisema baadaye. "Nimesoma yote. Hakuna aliyesema." Alivuta kibodi karibu. "Fundi, wanangoja maoni yako. Niandike nini?"

Hénock alikuwa amemwekea Thierry kile kifurushi mapajani.

"Somo ameenda," Thierry alisema. "Rudisha nguo yako, yaya."

"Nguo ya somo hairudi. Vaa weye."

Lilikuwa shati jeupe, jipya, la mikono mirefu. Thierry alilivaa juu ya fulana yake mbele ya watu wote, akafunga vifungo, na kwa mazoea ya miaka yote akanyoosha mkono wa kulia kwenye mto wa sindano ili apime cha kukunja kwenye mkono wa kushoto. Akachomoa sindano, akainua mkono wa shati. Ulikomea palepale kwenye kifundo. Aliugeuza ndani, akaona mshono: fundi mwingine, huko Soweto, alikuwa ameambiwa aupunguze mkono mmoja kwa upana wa vidole viwili.

Alikaa na sindano yake hewani. Kisha akairudisha kwenye mto.