Macho ya Mzee wa Matundu

Gereji nzima ilimwita Mzee wa Matundu, naye aliitika bila kinyongo. Jina alilipata kwa tabia yake moja: injini ikishafumuliwa, ikaoshwa na kuundwa upya, hakukubali irudi kwenye gari mpaka aizunguke kama mama anayemkagua mtoto aliyetoka kuoga, nyuma ya masikio, chini ya kidevu, katikati ya vidole. Kila tundu alilitia kidole. La sensa, kile kidude cha kupimia joto, limejaa. La sensa ya presha ya oili, limejaa. La kizibo cha maji, limejaa.

"Bloku ya injini ikienda kuoshwa wanaivua mpaka nguo za ndani," alizoea kusema. "Usipoivika mwenyewe, itakuja kukuaibisha barabarani."

Wenzake walimcheka, lakini injini zake hazikurudi zikivuja.

Asichomwambia mtu ni kwamba macho yalikuwa yameanza kumsaliti. Ulianza ukungu mwembamba, akausingizia moshi. Ukazidi, akasingizia tochi. Ikanunuliwa tochi mpya, akasema mpya za siku hizi hazina nguvu. Kazi aliendelea nayo kwa vidole na mazoea, na vidole vyake viliijua injini kama ulimi unavyoyajua meno.

Mkewe alijua. Alikuwa mshonaji, cherehani yake ikiwa kwenye kibaraza kinachotazamana na gereji. Siku moja mzee alivuka barabara kuja kunywa maji, akaliona sanamu lake la kupimia nguo likiwa na gauni la mteja, akasimama kwa heshima na kusema, "Karibu sana mama, umeshahudumiwa?" Mkewe alimeza kicheko, akamletea maji. Mume wake ukimwambia anaumwa, alikuwa anapona papo hapo kwa ubishi.

Ndipo ikaja injini ya gari la mkunga. Huyu mkunga ndiye aliyewapokea watoto wao wote, na mpaka leo alimwita mzee "shemeji". Gari lake lilikuwa limeanza kugonga kama mtu anayetwanga, na mzee akaapa kwamba hiyo kazi hataiachia mkono wa mwingine. Akaifumua, bloku ikaenda kuoshwa na kuchongwa, ikarudi inang'aa. Akaipaka rangi nyeusi, akapanga krenki na pistoni, akafunga kichwa cha injini. Bahati mbaya, ukingo wa gasketi ulimchana kidole cha shahada, kile kile cha kukagulia. Akakifunga kitambaa kinene.

Mchana huo mkewe alivuka kumletea chakula, akamkuta anaizunguka injini kwenye stendi yake, tochi mkononi, anainama karibu mpaka pua inagusa chuma.

"Tayari," alisema mzee, akijinyoosha. "Sasa flaiwili, halafu giaboksi, halafu tunaishusha garini."

Mkewe aliweka chakula kwenye benchi. Akatazama nyuma ya injini, pale inapokaa flaiwili, lile gurudumu zito linalounganisha injini na giaboksi.

"Baba watoto, na hili tundu hapa ni la kupumulia?"

"Tundu gani?"

"Hili hapa pembeni."

"Hiyo ni rangi imekolea. Usiniletee ushonaji kwenye vyuma."

"Haya. Tia kidole."

Akatia kidole cha mkono wa pili. Kikazama mpaka kwenye fundo.

Lilikuwa tundu la njia kuu ya oili. Kizibo chake kilitolewa wakati wa kuosha, na hakuna aliyekirudisha. Flaiwili na giaboksi vikishafungwa, tundu lile halionekani tena. Injini ingewaka, oili ingemwagika, na vyuma vyote vile vipya vingesagana vikavu. Akamfikiria mkunga barabarani, ameitwa na mama mwenye uchungu. Akaketi juu ya tairi.

"Nimelimulika," alisema taratibu. "Nimelimulika kabisa, mama watoto. Sikuliona."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua tangu ulipomkaribisha sanamu wangu."

Mzee alimtazama, au alitazama pale uso wake ulipokuwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na mkewe hakujua kama ni kicheko au kilio mpaka aliposikia, "Ndiyo maana hakunijibu! Nikasema wateja wako wana maringo!" Walicheka mpaka wapaka rangi wa upande wa pili wakachungulia. Walipomaliza, mzee alifuta macho yale yale, akamwambia, "Naogopa." Mkewe akaketi naye juu ya tairi, bila kujali grisi na gauni lake jipya, akamshika mkono.

Kizibo kilipatikana ndani ya kopo, chini ya nati. Mzee alikikaza mwenyewe. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aanze ufundi, aliikagua injini kwa macho ya mtu mwingine: mkewe anamulika na kutaja, yeye anagusa na kuitikia, wakaanza upya kutoka mbele hadi nyuma. Siku ilipowashwa, taa ya oili ilimeta ikazima, na injini ikanguruma kwa upole. Mkunga alipiga vigelegele.

Mkewe hakungoja ahadi. Alimweleza mkunga kila kitu mbele ya mzee mwenyewe, na mkunga akafungua mlango wa nyuma. "Ingia, shemeji. Wengine huwa nawabeba wakipiga kelele, wewe usinisumbue."

Hospitalini walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba anaweza kutolewa. Walimtoa wa kulia kwanza. Siku ya kufunguliwa bandeji mkewe alikuwa amekaa mbele yake, amevaa vizuri. Mzee alipepesa, akatulia, akamtazama kwa makini, paji la uso, mashavu, mikunjo ya pembeni mwa midomo, bila haraka.

"Mbona hukuniambia kwamba umezeeka?" aliuliza.

"Nilikuwa nakungoja tuzeeke pamoja."

Mzee akanyoosha mkono, akaugusa uso huo kwa kidole. Nesi akajifanya anatafuta kitu kwenye kabati, na wao hawakuwa na haraka ya kuondoka.