Simu ya Dada Ilinigomea Mara Tisa

Nimefungua simu za watu mpaka nimepoteza hesabu. Moja tu ndiyo iliyonigomea, na kufuli lake nililiweka mimi mwenyewe.

Mwenye simu alikuwa dada yangu. Tulikuwa tumemzika siku tisa kabla.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiirukia katikati nitalia kabla sijamaliza.

Mimi ni fundi simu. Dada alikuwa fundi cherehani, kanipita miaka kumi na miwili. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyenilea. Nimesoma kwa miguu yake iliyokanyaga ile cherehani mpaka ikavimba.

Nywila zake zote alikuwa anaziandika kwenye daftari la vipimo. Kifua cha mteja, kiuno, mabega, halafu hapo katikati nywila ya barua pepe. Siku moja mteja akachana ukurasa akaondoka nao, akijua ni vipimo vyake. Dada akafungiwa nje ya kila kitu.

Nikamwambia hapana, hapa tunatafuta programu ya kutunza nywila.

Nilijaribu tatu. Ya kwanza ilijaa matangazo. Ya pili ilitaka mtandao muda wote, na kwake mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Ya tatu ndiyo nikaipenda. Inakaa ndani ya simu, inatunza nywila, picha, sauti na maandishi ya siri, na vyote vinafunguka kwa nywila kuu moja. Ukiisahau hiyo, hakuna wa kumpigia.

Nikaongeza na mbwembwe zangu za kifundi. Mtu akikosea mara kumi, kila kitu kinafutika.

"Chagua sentensi ndefu," nikamwambia. "Na usimwambie mtu."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Na ukikosea tahajia ndiyo safi zaidi, mwizi hawezi kuotea."

Dada akacheka kidogo. "Kumbe kukosea kwangu nako kuna kazi."

Mimi nilikuwa nahangaika na chaja yake iliyolegea.

Mwaka uliofuata akaanza kuugua, na ugonjwa haukumpa nafasi. Akiwa kitandani alimwambia binti yake kwamba amemrekodia sauti, zimo kwenye ile programu, na mjomba wake atamfungulia.

Binti ana miaka kumi na tisa. Alikuja dukani kwangu na simu ya mama yake ameiviringisha kwenye kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye mshono. Akaiweka juu ya meza taratibu, nikamwambia asijali, hiyo ni kazi ndogo.

Mdomo wangu ulinitangulia.

Simu yenyewe ilifunguka, ila kwenye ile programu nikaanza na jina la binti na mwaka aliozaliwa. Ikakataa. Jina la mama yetu, ikakataa. Nyumba tuliyokulia, jina la cherehani, jina la mchumba aliyemkimbia. Ilipofika mara ya saba jasho jembamba lilikuwa linanitoka.

Ndipo nikaona chini ya kisanduku kuna kidokezo alichokiandika mwenyewe.

"Mdogo wangu aricheka sana siku ile."

Nilicheka siku gani? Mimi nimecheka maisha yangu yote. Nikakumbuka alivyowahi kuanguka na kiti mbele ya wageni, nikaandika hiyo. Ikakataa; mara ya nane hiyo, imekwenda.

Binti hakuwa analia kwa sauti. Machozi tu yalikuwa yanashuka, naye anayaacha.

"Mjomba," akasema, "sauti ya mama imeanza kunitoka kichwani."

Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Akapangusa uso, akauliza kama siyo siku ile ya kwenye grupu. Nikamuuliza ipi. Akanitazama.

"Umesahau kweli, mjomba?"

Akafungua grupu la familia kwenye simu ya mama yake. Dada alishajitoa miaka mingi, ila ujumbe wa zamani ulikuwepo. Akarudi nyuma mpaka siku niliyofaulu mtihani wangu wa ufundi.

Dada alikuwa wa kwanza kuandika. "Hongela mdogo wangu umefauru."

Chini yake nilijibu mimi. "Ni HONGERA na UMEFAULU. Rudi darasa la kwanza dada." Nimeweka na vicheko saba, nilivihesabu.

Binamu wote wakadandia. Mwaka mzima tukamwita Hongela. Yeye anacheka tu na sisi, mpaka siku alipojitoa kwenye grupu bila kuaga. Tangu hapo alikuwa ananipigia tu, hakuniandikia tena hata neno. Na mimi nikajiambia dada ana kazi nyingi.

Mtu aliyenisomesha, nilimwambia arudi darasa la kwanza.

Nikaichukua simu, nikaandika ile sentensi ya dada. Ikakataa.

Imebaki mara moja. Binti akaninyang'anya simu.

"Mjomba, umeandika bila makosa."

Nikaangalia. Kweli, nimeandika hongera. Nimeandika umefaulu. Vidole vyangu vilikuwa vinamsahihisha dada mpaka kaburini.

Akaandika yeye, polepole, herufi moja moja, kama mama yake.

Ikafunguka.

Kulikuwa na rekodi saba. Binti akaweka spika za masikioni, akanipa upande mmoja. "Mwanangu," dada akasema, "ningekuandikia barua, ila mimi na kalamu unatujua." Akacheka kile kicheko chake cha puani. Nikamrudishia binti upande wake, maana zile sauti hazikuwa zangu.

Mimi nikafungua maandishi ya siri. Sitadanganya, nilitegemea nikute ameniandikia neno. Hata matusi ningeyapokea.

Halikuwepo. Kulikuwa na mazoezi.

"Lafiki, hapana, rafiki. Chakura, hapana, chakula. Barua, hii najua." Kurasa na kurasa, kila moja na tarehe yake. Nilimwambia humo hakuna atakayeona, hata mimi, naye akaenda kujificha humo kujifunza.

Ya mwisho aliiandika siku kumi na moja kabla hajafa.

"Hongera nimeshika. Umefaulu nimeshika. Nikiyaweza yote nitalejea kwenye glupu."

Nililia dukani, mchana kweupe, wateja wananiangalia.

Sasa mnisikilize. Hizi programu zitumieni, ni nzuri kuliko daftari. Ila nywila kuu iandike kwenye karatasi, ifunge kwenye bahasha, mpe mtu unayemwamini kufa na kupona. Iandike kama ilivyo, na makosa yake. Na kama nyumbani kwenu kuna mtu mnamcheka kila akiandika, mpigie leo hii umwombe msamaha, usingoje kidokezo kama mimi.

Jioni ile niliingia kwenye grupu la familia nikaandika, "Hongela dada yangu, umefauru."

Haikupita dakika, binamu mmoja akajibu. "Ni HONGERA, fundi." Na vicheko vitatu.

Ujumbe wangu sikuusahihisha.