Mbio Alizokimbia Lorna kwa Ajili ya Dale

Kwa miaka kumi na tisa, kifafa cha Dale Hrycak kilijulikana na watu watatu tu: yeye mwenyewe, daktari wake wa mjini Regina, na mkewe Lorna. Kilimjia usingizini, mchana kamwe. Lorna alikwisha kuzoea. Kitanda kikianza kutikisika, alimlaza mumewe ubavu, akaondoa mito, akangoja. Asubuhi Dale alimeza vidonge vyake, akavaa koti, akaenda uwanja wa hoki ya barafuni kuendesha ile mashine kubwa ya kulainisha barafu. Watoto wa mji wao mdogo wa Kelmont walimpungia mkono akipita, naye aliwapigia honi.

Februari moja kilimkamata vibaya. Mwili ulimkakamaa, midomo ikageuka buluu, na Lorna akajikuta akimlilia Mungu kwa Kiukraine cha bibi yake, lugha aliyodhani ameisahau. Dale alipona, Lorna hakupona hofu. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mpishi wa shule, magoti yakimlalamikia kila ngazi. Hata hivyo akajiandikisha marathoni ya kwanza maishani mwake, achangishe fedha za kuwaelimisha watu kuhusu kifafa. Dale mwenyewe ndiye aliyemnunulia viatu. Alidhani mkewe atautaja ugonjwa, si mgonjwa. Kumbe Lorna alikwisha kuweka mtandaoni picha ya Dale akiwa juu ya mashine, na chini yake maneno: "Nakimbia kwa ajili ya mume wangu mwenye kifafa."

Michango ilimiminika. Siku ya nne akaja Vern, msimamizi wa uwanja, na keki ya tufaha mikononi kama mtu anayekwenda msibani.

"Dale, ndugu yangu, si mimi. Watu wa bima wameiona picha."

"Vern, sijawahi kuanguka mchana hata siku moja. Unanijua."

"Nakujua, bwana. Bima haikujui. Mashine huiendeshi tena; utakaa kwenye dirisha la vyakula, uuze chipsi."

Vern alipoondoka, Dale alimgeukia mkewe.

"Miaka kumi na tisa nimefunga mdomo. Wewe imekutosha siku moja."

"Nilitaka watu waelewe."

"Wameelewa! Leo Brenda wa posta kanisalimia neno moja moja, kwa sauti, utadhani mimi mtoto mchanga."

"Basi naacha. Nafuta kila kitu."

"Uache? Kazi yangu imekwenda, halafu wewe ukae? Kimbia, mama. Kimbia mpaka kucha zing'oke."

Kucha mbili ziling'oka kweli. Mbio zilikuwa Septemba, upepo wa nyika ukimpiga usoni tangu hatua ya kwanza. Fulana yake ilikuwa na picha ile ile, na watu wasiomjua walisimama kando ya barabara wakipiga makofi: "Kwa ajili ya Dale! Twende, kwa ajili ya Dale!" Kila jina hilo lilipotajwa, lilimpata kama jiwe. Kwenye kilomita ya thelathini na mbili alikaa chini akalia, kisha akainuka, kwa kuwa hakujua atamwambia nini mtu yeyote asipofika. Alimaliza kwa saa tano na dakika arobaini. Walimvisha nishani. Alitazama nyuso zote pale mwishoni, ingawa Dale alikwisha kumwambia haji.

Alipofika nyumbani alimkuta mumewe akiburuta godoro kwenye ngazi za chumba cha chini.

"Unalipeleka wapi?"

"Chini. Nitalala huko."

"Na kikikupata huko, nani atakulaza ubavu?"

"Andika mtandaoni. Mji mzima utakuja."

Lorna alitaka kumfuata, lakini miguu ilikataa kushuka hata ngazi moja. Akasikia mlango ukifungwa.

Theluji ya kwanza ilianguka, ikafuata ya pili, na Dale hakupanda kurudi kitandani kwao. Siku hizi Lorna hulala kwenye kochi la sebuleni, juu kabisa ya chumba kile, akitega sikio.