Figo ya Dada

Feleti alikuwa na miaka kumi alipohamishiwa kwenye kibanda cha wavulana, kule Vava'u, visiwani Tonga, kwa kuwa dada yake Kalolaine alianza kuwa mkubwa. Tangu hapo hakulala tena chini ya paa moja naye, hakukalia kitanda chake wala kutania mbele yake. Walipohamia Auckland, New Zealand, walihama na desturi yao. Kalolaine akiingia sebuleni, Feleti huzima televisheni na kutoka.

Ndiyo maana, shinikizo la damu lilipoziua figo zake akiwa na miaka arobaini na sita, na dada akajitolea kumpa moja ya zake, alikataa. Aubebe mwili wa dada tumboni, yeye ambaye hata shuka lake haligusi?

Akabaki na mashine ya hospitalini. Siku tatu kwa wiki, muda wa saa tano kila mara, sindano mbili nene mkononi, damu ikitoka, ikisafishwa, ikirudi. Maji lita moja kwa siku, mchuzi ukiwemo. Magimbi yachemshwe mara mbili kupunguza madini, mpaka yaishe ladha. Kazi ya kuendesha foklifti ghalani aliiacha, maana akishuka mashineni miguu ilimkatalia.

"Wewe Mtonga heshima itakuzika," Pene, Msamoa wa kiti cha jirani, alimwambia. "Mimi nina dada wanne, hakuna figo hata moja inayonifaa. Wewe unaletewa, unanuna."

"Kwani nyinyi hamuwaheshimu dada zenu?"

"Tunawaheshimu sana. Ila mimi nina kiu."

Mwaka wa pili Pene alifariki. Moyo ulisimama Jumapili, siku ya pili ya wikendi bila mashine. Wiki hiyo Kalolaine alikuja, akasimama jikoni na Vika, mke wa Feleti, akapaza sauti ifike chumbani.

"Wifi, mwambie kaka yangu nimechoka kubembeleza. Kwetu dada humzidi kaka hadhi, au kasahau? Nasema achukue."

Vika akaingia. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa?"

Kulikataa neno la dada nako kulikuwa kumvunjia heshima. Akasema, "Mwambie nimekubali."

Vipimo vya kwanza vya Kalolaine, vya wakati alipojitolea, vilikuwa safi, lakini hospitali ilitaka vipya. Baada ya majuma matatu alirudi pale pale jikoni.

"Wifi, mwambie wamenikataa. Nina sukari. Imeshaanza kuzila na figo zangu."

"Tangu lini?"

"Wanasema kama mwaka hivi."

Nyuma ya ukuta, Feleti aliusikia mwaka huo. Ni yeye aliyeupoteza kwa kukataa.

Jumatatu hakwenda mashineni. Jumatano pia hakwenda. Uso ulimvimba, pumzi ikawa fupi, akawa analala ameketi. Vika alisihi, akalia, mwishowe akampigia Kalolaine simu.

Safari hii Kalolaine hakuishia jikoni. Alifika mlango wa chumba, akasimama amempa mgongo.

"Kaka, ingia kwenye gari."

Feleti alitafuta viatu vyake. Vika alimshika mkono, Kalolaine akaendesha. Hospitalini dada alibaki garini.

Muuguzi alimpandisha Feleti kwenye mizani. Kilo saba za maji yaliyozidi.

"Hizi hatuzimalizi leo," alisema. "Kesho utarudi tena."