Matangazo Chini ya Picha ya Baba

Baba alikuwa mchonga vinyago. Alitoka kusini akiwa kijana, akaishi Chang'ombe mpaka alipofariki. Baada ya msiba nilianza kuandika habari zake kwenye blogu: alivyochagua mpingo, alivyobishana na wateja waliotaka simba wakati yeye anataka kuchonga watu.

Blogu hiyo ilikuwa na utaratibu nilioupenda. Mwandishi mwingine akiitaja makala yangu na kuiwekea kiungo, nilipata arifa, na kiungo cha kwake kikajitokeza chini ya makala yangu. Arifa ya kwanza ilitoka kwa mwalimu mmoja wa Mabibo, mwanamke aliyeandika kuhusu vigoda vya bibi yake. Tukawa tunasomana, kisha tukawa tunatembeleana.

Halafu arifa zikaanza kumiminika. Nilifurahi, nikidhani baba anasomwa. Nikafungua moja: kamari. Nyingine: mikopo ya haraka. Hakuna aliyesoma hata mstari. Zilikuwa programu tu, zinapandikiza viungo kwangu ili wenyewe wapate wateja.

Siku moja shangazi, dada yake baba, akanipigia simu. Shikamoo yangu aliiitikia kwa mkato.

"Kaka yangu ameanza lini kuuza dawa za nguvu za kiume?" akauliza.

Nikafungua makala ya mazishi. Chini ya picha ya baba akiwa ameshika tezo yake ya kuchongea, dawa hizo zilikuwa zimejipanga mstari kwa mstari. Na shangazi alikuwa ameshawaonyesha wenzake wa kikundi cha akina mama. Kama mtu angebandika karatasi ya namna ile ukutani kwetu, mtaa mzima ungemjua, na tungemlazimisha aibandue. Hawa hawana sura wala mlango wa kugonga. Nikafuta vyote, kesho yake vikarudi. Nikawaandikia wenye mtambo wa blogu, wakanijibu kwa ujumbe wa mashine kwamba maoni yangu ni muhimu kwao. Mwishowe nikazima arifa zote.

Baadaye nilikutana na yule mwalimu sokoni Mabibo, anachagua mananasi. Alinisalimia kama mtu asiyenijua. Nikamuuliza kulikoni. Akasema aliandika makala ndefu kuhusu kigoda alichochonga baba, ambacho bibi yake anakikalia mpaka leo, akaniwekea kiungo, akasubiri.

"Mie nikajua umenidharau," akasema.

Nikamweleza yote, hadi zile dawa. Alicheka kidogo, halafu akaniambia kwake pia wameshafika. Tukaisoma makala yake kwenye simu yangu, tumesimama kati ya matenga. Alikuwa amemwelezea baba vizuri kuliko mimi.

Siku hizi akiandika ananitumia ujumbe wa simu. Lakini wapo wengine, nisiowajua, wasio na namba yangu, ambao huenda walimtaja baba wakadhani nimewapuuza. Hao sina namna ya kuwapata. Na waliotutenganisha hawajui hata kama baba aliwahi kuishi.