Baba Clara na Sinia la Kuazima

"Mama Jesca, mchicha wako una mchanga! Mtoto katema wote!"

Nilikuwa nimeinama nachambua nyanya. Kuinua kichwa, namwona Baba Clara kasimama mbele ya genge langu na gambuti zake za machinjioni, sufuria mkononi, ndani yake mchicha uliopikwa ukapoa. Na wateja wapo, wanasikia.

"Mchanga?" nikamwuliza. "Uliuosha na nini, na mate?"

"Niliuosha na maji."

"Uliumwagia maji, halafu ukamimina. Ndivyo ulivyofanya, usibishe. Mchicha unauloweka kwenye karai, unautoa kwa mikono, mchanga unabaki chini. Ukimimina, umejirudishia mchanga wako mwenyewe. Utumbo wa ng'ombe unaujua kuuosha, mchicha ndio unakushinda?"

Wateja wakacheka. Yeye hakucheka. Akaiweka ile sufuria juu ya mafungu yangu ya bamia, akasema kwa sauti ya chini, "Ma Flaviana anakuja. Akimaliza tu kuvuna maharage, anapanda basi."

Hapo nikaacha nyanya.

Ma Flaviana ni mama mkwe wake, anakaa Muleba. Binti yake, Avelina, mama yake Clara, yuko Muscat kwenye kazi za ndani, mwaka wa pili huu. Clara kabaki na baba yake hapa Ukonga, kwenye nyumba tunayopanga sote. Sasa kliniki walimpima mtoto wakasema damu yake ndogo, ale mboga za majani na matunda. Theonest, hilo ndilo jina lake Baba Clara, hajui kuficha jambo. Akamwambia mkewe kwenye simu. Mkewe akamwambia mamaye. Mamaye akatoa hukumu huko huko shambani: mwanamume halei mtoto. Anakuja kumtazama mjukuu wake, na akimkuta ndani ya kope bado kweupe, anaondoka naye.

"Akimchukua huyu," Theonest akaniambia, "mie narudi kwenye chumba kile kufanya nini?"

Nikaifuta sufuria yake, nikamwambia aende.

Nimekaa na wanaume wengi nyumba za kupanga, na wengi wao nisingewaachia hata kuku. Huyu ni mwingine. Alfajiri, kabla hajaenda Vingunguti kubeba nyama, humleta Clara amelala, amemfunga kwenye shuka, anamlaza kitandani kwangu pembeni ya binti yangu Jesca kama analaza mayai. Akirudi kabla ya adhuhuri, haingii ndani. Anasimama bombani, anajisugua kwa sabuni na ndimu mpaka viwiko vinakuwa vyekundu, ndipo anamwita, "Clara, njoo, baba hanuki tena." Mtoto anamnusa kwanza. Akiridhika, anabebwa.

Kusuka alijifunza kwenye kichwa cha Jesca. Mara ya kwanza alitoa kitu kama shamba lililopitiwa na ng'ombe, na uani tulimcheka mpaka jioni. Akafumua, akaanza upya. Leo anasuka twende kilioni iliyonyooka, na kuna kina mama wanaomwomba awasukie watoto wao Jumamosi, anakataa, anasema vidole vyake ni vya Clara.

Watu walimwambia ampeleke mtoto kijijini, aoe mwingine hapa, mambo yaishe. Alikuwaga anajibu kwa maneno mawili tu: "Ana baba."

Lakini mtoto alikuwa hali. Yaani anakula, ila anachokitaka yeye: wali mweupe, chapati, chai, chipsi. Ukiweka jani moja la kijani kwenye sahani yake analiona kabla hujakaa. Embe, hapana. Papai ndiyo usimtajie. Na anashinda asubuhi nzima gengeni kwangu, amezungukwa na matunda, anayapanga kwa rangi kama mwenye mali, wala halambi.

Theonest alijaribu kila njia. Kwa kuwa ni mtu wa machinjioni, alianza na maini, maini kila siku, mpaka mtoto akawa akisikia harufu yake anajificha nyuma ya pipa. Akaponda mchicha akauficha kwenye supu, Clara akaichungulia, akasema, "Baba, supu ina nyasi." Akaazima blenda, akasaga tembele na ndizi, akalitia kwenye kikombe cha maziwa. Hilo lilirudi lote kwenye shati lake.

Na kila akimlisha, ilikuwa kama mpira uwanjani. Mtoto kakalishwa kwenye kigoda, sahani yake ndogo ya maua mapajani, baba kapiga goti mbele yake na kijiko, sie wengine kila mtu kwenye mlango wake. "Kala?" "Bado." "Fumba macho, Clara!" "Mpe pipi kwanza!" Mtoto kabana midomo, machozi yanamtiririka, baba naye jasho linamtiririka.

Siku moja nikamwambia, mfinye kidogo, atafungua mdomo. Sisi tulifinywa, tukala.

Akaniangalia. "Mama Jesca, mie simwumizi mtu kwa sababu ya bamia."

Nikajibu kwamba basi akae ayalee hayo machozi. Lakini nilipoingia ndani jibu lake lilinikaa moyoni.

Sasa kuna Bi Zubeida, mwenye duka hapo mbele ya nyumba. Babu zake walitoka Arabuni na vitambaa vyao, yeye kabaki na unga, sukari na ulimi. Kila Ijumaa hupika wali wa nazi, anatandika mkeka nyuma ya duka, anaweka sinia kubwa katikati, na wajukuu wake na mtoto yeyote aliye karibu anakaa. Hakuna sahani. Kila mtu na upande wake wa sinia, na mikono iliyooshwa.

Ijumaa hiyo nilikuwa nimempelekea nyanya. Theonest naye kaja kumtafuta mwanawe. Tukafika mlangoni pamoja, na tulichokiona kilitugandisha. Clara kabanwa katikati ya wajukuu wa Bi Zubeida, mkono wake umo kwenye sinia, anagombania. Mjukuu mmoja, Muntasir, anavuta mchicha wa nazi kuja upande wake, Clara anaurudisha, anauzungushia wali, anatia mdomoni. Anatafuna. Halafu akachukua kipande cha papai pembeni ya wali, akakitia nacho. Hakuna aliyemtazama. Bi Zubeida mwenyewe alikuwa anachambua miiba ya samaki, hata hageuzi shingo, ila mkono wake wa kushoto aliuinua kidogo kutuelekea: kaeni kimya.

Mimi niliona. Theonest hakuona kitu zaidi ya mdomo wa mwanawe.

"Clara! Mwanangu! Unakula mchicha!"

Mtoto akageuka. Akamwangalia baba yake, akauangalia mkono wake, kama mtu aliyefumaniwa. Akautema wote kwenye kiganja.

"Toka mlangoni kwangu!" Bi Zubeida akasimama na miiba yake. "Umemkatiza! Mtoto alikuwa anakula na watu, wewe umemrudisha hospitali!"

"Hospitali gani tena, Bi Zubeida?"

"Ile ya kwako uani! Nyie watu wa bara kila mtu na sahani yake, na huyo maskini mnamkalisha peke yake, mnampigia goti kama mnamnywesha dawa. Kitu anachobembelezwa hivyo atajua kina ubaya tu. Na wewe mwenyewe," akamnyooshea kidole chenye wali, "mboga unakula? Nakuona hapo barazani kila siku. Wewe unatafuna nyama, mtoto unampa majani. Mbuzi huyo?"

Kweli, tangu Theonest ahamie sijawahi kumwona na jani kwenye ugali wake. Nyama, mchuzi, basi.

Mwanaume mwingine angenuna mwezi mzima. Huyu kesho yake, akitoka bombani, alikwenda dukani na gambuti mkononi.

"Shikamoo, Bi Zubeida. Naomba uniazime sinia."

"Marahaba. Sinia langu la arusi hilo."

"Nitalirudisha."

"Najua utalirudisha. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, unajua hilo? Basi alilete Clara mwenyewe, na liwe na kitu ndani anachokila yeye. Vinginevyo usinionyeshe uso."

Ndivyo deni lilivyoanza.

Sasa nije kwenye kitu ambacho mimi namheshimia Theonest kuliko hata kusuka. Alikula. Papai linamchefua, mwenyewe aliniambia, harufu yake tu inamgeuza tumbo. Mchicha anasema unamkwama kooni. Lakini jioni ile alitandika mkeka mlangoni kwake, akaosha mchicha kwenye karai kama nilivyomfundisha, akaupika, akaumimina katikati ya sinia na ugali pembeni, vipande vya papai kandokando. Akatuita mimi na Jesca tukae, ili mikono iwe mingi. Akamwita na Clara, halafu hakumtazama tena.

Na akaanza kutia mdomoni. Macho yamemtoka, jasho kwenye pua, anameza kama anameza vidonge vya malaria. Nikamnong'oneza, "Baba Clara, tafuna, utatufia hapa."

"Natafuna," akasema, na chozi likamdondoka.

Clara siku hiyo alikula ugali mkavu. Siku iliyofuata vilevile. Uani niliwatangazia kila mtu kwamba atakayeuliza "Clara kala?" asije gengeni kwangu kuchukua hata kitunguu. Wakanyamaza. Theonest akaendelea kula, na nadhani kwa kuendelea kule akaanza kuzoea, maana siku moja alikuwa anaongea na Jesca, hana habari, mkono wake ukaenda wenyewe upande wa Clara ukachota mchicha uliokuwa pale.

"Baba! Huo wangu!"

Hakuna aliyegeuka. Mimi niliangalia paa la jirani. Theonest akasema tu, "Aa, samahani, sikujua," akachota tena kidogo, mwizi yule.

"Baba, usimalize!" Na mtoto akauwahi, akautia mdomoni wote uliobaki upande wake, mashavu yamevimba, anamchunga baba yake kwa jicho.

Theonest akainuka, akasema anaenda kuchota maji. Ndoo aliiacha hapo hapo.

Kutoka siku hiyo ilikuwa vita ya mipaka, na mboga zikawa zinaisha kabla ya ugali. Embe lilifuata. Papai lilichelewa, lakini likaja.

Ma Flaviana aliingia Jumapili na gunia la maharage na mkungu wa ndizi. Mama mrefu, kitenge kimefungwa kwa nguvu, hana maneno mengi. Alimwita Clara, akamvuta kope ya chini kwa kidole gumba, akachungulia. Akavuta na nyingine. Theonest alikuwa amesimama mbali, kichwa chini, kama inavyompasa mkwe.

Jioni ikaja, mkeka ukatandikwa, sinia likawekwa, na hapo ndipo sote tulipokumbuka. Kwao mkwe wa kiume hali chombo kimoja na mama mkwe. Hata kumtazama akitafuna ni aibu. Theonest akasogea, akamwachia mama nafasi, akasema atakula baadaye chumbani. Ma Flaviana akakaa, akanawa, akangoja.

Clara akaangalia upande wa baba yake, mtupu. Akarudisha mkono mapajani.

"Kula, mjukuu wangu," bibi akasema.

Midomo ikabanwa. Ile midomo ya kigodani, niliijua.

"Kula, mama. Mboga nzuri."

"Baba hayupo," Clara akasema. "Nitagombania na nani?"

Ma Flaviana alimtazama mtoto, akalitazama sinia, akamtazama mkwewe aliyekuwa kwenye kona na mikono yake mikubwa haijui pa kwenda. Akakiweka kitenge chake cha pili kichwani, akakishusha mpaka kidevuni. Akageuka, akampa Theonest mgongo kabisa, akakaa upande. Halafu akaurudisha mkono wake nyuma, chini ya kitenge, ukapapasa hewani mpaka ukaligusa sinia.

"Baba Clara," akasema akiutazama ukuta, "mimi sikuoni. Njoo ule na mwanao."

Theonest alikuja kwa magoti. Tulikula hivyo, bibi kafunikwa, mkono wake unachota mchicha kwa kubahatisha, na Clara anafoka, "Bibi, huko kwa baba! Kwako ni huku!" Niliona kitenge kinatikisika. Mama yule alikuwa anacheka.

Alikaa wiki. Alimpeleka Clara kliniki mwenyewe, akarudi akapanga nguo kwenye begi, za kwake tu, za Clara akaziacha. Mlangoni alimwambia mkwewe, bila kumtazama, "Nitamwambia Avelina ana mume." Akaenda zake.

Kesho yake Theonest alinunua sinia lake, dogo, la bati, akanipita gengeni akachagua papai. Na mchana nikawaona wanavuka uani kwenda dukani, Clara mbele na sinia la arusi kalishika kwa mikono miwili, linametameta, baba nyuma.

Bi Zubeida akalipokea juu ya kaunta. Ndani yake kulikuwa na kipande kimoja cha papai, na kwenye ncha yake alama za meno madogo.

"Nani kaling'ata?"

"Mimi," Clara akasema. "Nimekuonjea. Tamu."

Bi Zubeida akalila lote, taratibu, mpaka likabaki ganda, akalitupia kuku. Akalifuta sinia kwa ncha ya mtandio, akaliweka nyuma yake juu ya magunia.

"Deni limekwisha," akamwambia Clara. "Mwambie na huyo baba yako mpiga kelele mlangoni."